Uji wa Njano wa Mama Damari

Gaudensi Kihwele alikosa mengi. Hakuwa na mke, kwa kuwa Skolastika wake alifariki mwaka ule mvua zilipokata moja kwa moja. Hakuwa na shamba, maana mashamba ya nchi kavu yalikuwa yamebaki vumbi. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichokijua alikipata jioni, katika darasa la watu wazima, akiwa na miaka arobaini na mbili, amekalia dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Hakuwa na hamu ya kula. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba alikuwa akiamka na hasira asiyoijua imetoka wapi. Shingoni hakuwa na ngozi ya kuitwa ngozi. Na hakuwa na vitamini iitwayo niasini, lakini hilo hakulijua, wala mashine iliyompima kila asubuhi haikulijua.

Alichokuwa nacho ni kazi, na kazi yake aliipenda. Alikuwa Msomaji wa Ngozi wa mtaa wa tano huko Paani, makao ya watu elfu tatu chini ya paa moja la kioo, katikati ya mbuga kavu ya Bahi. Nje ya kioo hapakuwa na kivuli wala maji. Ndani kulikuwa na mahindi yaliyomea kwa mwanga wa taa, na chakula kimoja cha unga wake kwa watu wote, kilichoitwa donge.

Kila asubuhi, kabla hajapokea donge lake, mkazi alilaza kiganja chini ya taa ya buluu iliyoitwa Jicho. Ngozi haifichi kitu. Karoti uliyokula juzi huacha rangi yake humo. Zinki ikipungua, kidonda hakifungi. Mafuta yakikosekana, mtu anapauka kama aliyetoka kufyatua matofali. Jicho liliyasoma hayo kwa muda wa pumzi tatu, kisha likawaka kijani au njano. Kijani, ulichukua donge la kawaida. Njano, uliongezewa kilichopungua. Kazi ya Gaudensi ilikuwa kutazama kile ambacho Jicho halikukiona, madoa, vipele, mabaka, na kukiandika.

"Mkono, mzee wangu," alimwambia Stefano Lukali asubuhi moja.

Mzee Lukali, aliyewahi kuwa fundi wa mabomba hodari kuliko wote, alilaza mkono. Mgongo wa kiganja chake ulikuwa mweusi, umekauka na kupasukapasuka hadi kwenye kifundo, kama glovu ya ngozi ya mtu mwingine. Jicho likawaka kijani.

Mkewe, Mama Lukali, alisimama nyuma yake na vibakuli viwili. "Bwana Msomaji, samahani nikuulize. Hilo Jicho linaona kweli? Maana mimi nisiyesoma naona mtu mgonjwa."

"Ni mwanga wa taa za mahindi, mama. Unaunguza. Mwongozo ndivyo unavyosema."

"Taa mbona haziniunguzi mimi?"

Gaudensi aliandika *mwanga wa taa*, kama alivyowaandikia wengine sitini kabla yake, kisha akapandisha kola ya shati na kuhakikisha kifungo cha juu kimekaza. Chini ya kola, shingo yake ilikuwa imezungukwa na mkanda uleule mweusi, wenye magamba, mithili ya mkufu. Msomaji mwenye ngozi mbovu huondolewa kazini siku hiyohiyo. Alikuwa amejisomea mwenyewe kila asubuhi kwa miezi mitano, na kila asubuhi alijiandikia kwamba hana doa.

* * *

Ugonjwa wake uligunduliwa na matusi.

Kwenye mtaa huohuo wa tano palikuwa na jiko dogo la wazee wasio na meno. Hao hawakuweza kutafuna donge, kwa hiyo walipewa unga wapikiwe uji. Mpishi wao alikuwa Damari Chibago, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliyeshinda asubuhi akisafisha vichujio vya hewa na mchana akikoroga sufuria. Yeye ni Mgogo, Gaudensi ni Mhehe, na anayejua utani wa makabila haya mawili hahitaji kuelezwa zaidi. Mtani hana adabu kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"Kamwene, mla mbwa!" Damari alimsalimu kwa Kihehe siku hiyo alipopita na daftari lake.

"Mbukwa, ombaomba! Leo umemwomba nani?"

"Nakuomba wewe ufungue hiyo kola. Joto hili, umejifunga kama maiti ya askofu."

"Niache, Mgogo. Niko kazini."

Damari aliweka mwiko chini, akamfuata, akashika kola kwa vidole viwili na kuifungua, kifungo kikaruka. Mtu mwingine yeyote angelala rumande. Akatazama. Wazee kumi na wawili waliokuwa kwenye benchi nao wakatazama.

"Hee! Jamani, shingo hii! Mhehe, ulitaka kujinyonga kamba ikakatika, au ndio wale mbwa wamekung'ata kulipiza kisasi?"

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Gaudensi alisimama pale na shingo yake wazi kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, na jambo la ajabu ni kwamba alisikia nafuu. Wafanyakazi wenzake walikuwa wameuona ule mkanda ukichungulia juu ya kola, wote, na wote walikuwa wamemheshimu wakanyamaza. Heshima yao ilikaribia kumuua.

"Kaa," Damari alisema, sasa bila kicheko. "Utakula hapa."

"Mimi nina donge langu. Kanuni..."

"Kanuni inasema mtani anakataa chakula cha mtani? Kaa, nimesema."

Akampa bakuli. Uji wake ulikuwa wa njano, njano kama kiini cha yai, na ulikuwa na ladha ya mbali ya chumvi na moshi, ladha iliyomrudisha Gaudensi kwenye jiko la mama yake. Alikula akamaliza, akalamba kijiko. Kesho yake alirudi. Siku ya tisa akagundua kwamba hakuamka na hasira. Siku ya ishirini, akinawa, magamba yalibaki kwenye kitambaa, na chini yake palikuwa na ngozi laini, ya rangi ya kahawia mpya. Alisimama mbele ya kioo akaigusa kwa kidole, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha akalia. Hakuona aibu, kwa sababu mtu anaporudishiwa ngozi yake ana haki ya kulia.

* * *

Lakini Gaudensi hakuwa mtu wa kupona bila kuuliza kwa nini. Mwalimu wake wa jioni alimfundisha hivyo.

"Mama Damari, unga wako na unga wa donge ni mmoja?"

"Gunia moja, kinu kimoja."

"Maji?"

"Bomba moja, aliyelifunga ni Lukali."

"Sasa huu unjano unatoka wapi?"

Damari aliacha kukoroga. Alitazama mlangoni, kisha akavuta kopo la bati kutoka chini ya meza na kulifungua. Ndani mlikuwa na vumbi jeupe linalong'aa.

"Magadi," alisema. "Mbuga yote hiyo nje imekauka, imebaki chumvi na magadi. Upepo unayaleta, yananasa kwenye vichujio vyangu. Wameniajiri niyatupe. Nayachuja kwenye maji, nachemsha unga humo muda mrefu. Nyanya yangu alipika hivyo, na mama, na mimi. Uji usio na magadi mimi naona una harufu ya ubichi."

"Unajua yamepigwa marufuku?"

"Kanuni ya kumi na nne. Kupika kwa kitu kisicho kwenye orodha, adhabu ni kutolewa nje ya kioo. Najua kuliko wewe. Nawe umekula siku ishirini na nane, mshiriki mwenzangu."

Gaudensi alirudi chumbani kwake akatoa kwenye sanduku kitabu chake cha zamani cha sayansi kimu, chenye jalada la gazeti. Alikisoma mchana wote wa mapumziko, kalamu mkononi. Alipofika ukurasa wa tisini akasimama wima peke yake chumbani.

Mahindi yana niasini, kitabu kilisema, lakini imefungwa ndani ya punje kama nafaka ndani ya ghala lenye kufuli. Tumbo la binadamu halina ufunguo. Anayekula mahindi matupu hupata ugonjwa wa pelagra: kwanza ngozi huungua penye mwanga, shingoni na mikononi, kisha tumbo huharibika, kisha akili, mwisho mtu hufa. Kinachofungua kufuli ni kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa, majivu au magadi.

Sasa mambo yote yalikaa mahali pake. Miaka miwili nyuma Paani walikula karanga pia, na karanga zina niasini ya kutosha. Karanga zikapata ukungu wenye sumu, zikaondolewa. Baraza la Lishe lilipiga hesabu: mashine ya maabara ilisaga mahindi, ikayayeyusha kwa tindikali, ikakuta niasini tele, ikatangaza kwamba donge limekamilika. Mashine ilivunja kufuli ikahesabu magunia yote yaliyomo ghalani. Haikuuliza kama mlaji anaweza kuingia. Na Jicho, ambalo lilisoma vingine vyote kwenye ngozi, niasini halikuweza kuisoma. Lilinakili hesabu ya maabara, likawaka kijani.

Kulikuwa na jambo lingine katika ukurasa uleule, na Gaudensi, kwa kuwa alikuwa mkweli kwa vitabu kuliko alivyokuwa mkweli kwa daftari lake, hakuliruka. Magadi huua vitamini B ya kwanza. Waliotunga Kanuni ya kumi na nne hawakuwa wajinga; waliogopa kitu cha kweli. Ila walifunga dirisha moshi ukiwa ndani.

* * *

Alijaribu kwanza njia iliyo rasmi. Alikaa mbele ya mashine ya taarifa, akafungua fomu, na kwenye sehemu ya *chanzo cha tiba* akaandika *magadi*.

*Neno halitambuliki. Chagua tena.*

Akaandika *maji ya magadi.* Akaandika *vumbi la vichujio.* Mashine ikamshauri achague kati ya donge, unga na maji. Alipobonyeza *mengineyo*, ikatokea sentensi moja: taarifa ya mengineyo iandikwe kwa mkono, ifungwe, itumwe kwa Katibu wa Baraza, ikiwa na majina kamili ya wahusika wote. Ushahidi usio na majina hautapokelewa.

Hapo ndipo alipoondoa mkono kwenye mashine. Majina kamili. Aliyemrudishia ngozi yake ndiye aliyetakiwa kuandikwa. Angeweza kuandika jina lake peke yake, lakini mtu mmoja aliyepona si ushahidi, ni bahati. Watu kumi na watatu, wazee kumi na wawili wa benchi na yeye, huo ni ushahidi. Na wazee wale hawakuwa na mpishi mwingine. Au anyamaze. Ale uji wake, shingo yake ing'ae, Damari abaki salama, na daftari liendelee kusema *mwanga wa taa*.

Alinyamaza siku nne. Siku ya tano Mama Lukali alimleta mumewe kwenye Jicho akiwa amemshika kiunoni.

"Mkono, mzee wangu."

Mzee Lukali alifikiri, akainama kwa shida, akavua kiatu na kuweka mguu mezani. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, kisha akajuta.

"Mkono, Baba Neema," mkewe alimwambia kwa upole.

Mzee akamgeukia. "Nakushukuru, mama," alisema kwa adabu kubwa. "Wewe ni wa mtaa gani?"

Jicho likawaka kijani.

* * *

Damari alimsikiliza mpaka mwisho huku anaosha sufuria. Gaudensi alimweleza kuhusu kufuli, kuhusu karanga, kuhusu mguu wa Lukali mezani. Alipofika kwenye majina kamili, Damari alinyanyua mwiko.

"Toka."

"Mama Damari..."

"Toka nje ya jiko langu! Nimekulisha siku arobaini, unakuja kuniuliza kama unaweza kuniuza? Hata mbwa mnaowala wana fadhila!"

"Sikuuzi. Nimekuja kukuuliza. Ukisema nisiandike, siandiki."

"Na Lukali?"

Gaudensi aligeuzageuza daftari mikononi.

"Nakuuliza, Mhehe. Nikisema usiandike, Lukali atakuwaje?"

"Atakufa. Pengine kabla ya mavuno. Na wengine watafuata."

Damari aliteremsha mwiko. Alikaa kwenye benchi la wazee wake, na kwa mara ya kwanza alionekana na miaka yake yote sabini na mmoja.

"Unajua umenifanyia nini?" alisema. "Nilikuwa napika uji. Basi. Sasa umenipa ghala la watu na ufunguo. Nani alikutuma usome?"

"Wewe. Ulinipa nguvu ya kusoma. Mwezi mmoja kabla sikuweza kumaliza ukurasa, herufi zilikuwa zinaogelea." Alikaa karibu naye. "Wakikutoa nje ya kioo, tutatoka wote. Hilo nimeshaamua, na nitaliandika."

"Nje, na Mhehe?" Damari alimtazama kwa jicho la pembeni. "Umenihurumia kweli. Siku ya pili utakuwa umemaliza mbwa wote wa mbuga, mimi nabaki bila mlinzi."

Gaudensi alicheka ingawa macho yake yalikuwa na maji. Damari hakucheka. Alivuta kopo la bati akalipakata.

"Andika," alisema. "Andika Damari Chibago, binti wa Yeremia Chibago, jina zima. Andika na kipimo: kijiko cha magadi, maji lita nne, uchemshe mpaka unga ubadilike rangi. Wasije wakatia mkono mzima wakaunguza matumbo ya watu wakasema ni Damari. Na hiyo vitamini inayokufa?"

"Nitaandika iongezwe baadaye, uji ukishapoa. Wanayo, iko stoo."

"Vizuri. Na usiandike kwamba nilikuonea huruma."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba nilikutukana. Ndio ukweli."

* * *

Aliandika asubuhi, mezani pa jiko lile, kwa mwandiko wa darasa la jioni, kila herufi imesimama wima. Damari alikaa mbele yake akichekecha unga, akijifanya hajali.

"Soma," alisema hatimaye.

Gaudensi akakohoa, akasoma:

*"Kwa Katibu wa Baraza la Lishe, Paani. Ndugu Katibu, naanza kwa shukrani, ingawa fomu yenu haina nafasi yake. Nalishukuru Baraza kwa paa hili, bila hilo sote tungekuwa mifupa. Namshukuru mwalimu wangu wa jioni, aliyenifundisha kwamba anayejua kusoma anadaiwa na asiyejua. Na namshukuru Damari Chibago, aliyenitukana hadharani tarehe tatu mwezi wa tano, akaniokoa.*

*"Nakiri kwamba kwa miezi mitano niliificha shingo yangu, na kwamba niliwaandikia watu sitini na mmoja 'mwanga wa taa' pasipo kuamini nilichoandika. Kwa hilo mniondoe kazini, ni haki. Majina yao nimeambatanisha, wa kwanza akiwa Stefano Lukali, ambaye hana muda. Nimeambatanisha pia majina kumi na matatu ya watu wenye ngozi nzima, na sababu yake, na kipimo chake, na hatari yake.*

*"Kanuni ya kumi na nne ilitungwa kwa nia njema, nami nimeisoma kwa heshima. Lakini mkimtoa Damari Chibago nje ya kioo, mtakuwa mmetoa nje kitu pekee kilichokosekana ndani. Mkiamua hivyo, mnihesabu naye. Ni mimi, Gaudensi Kihwele, Msomaji wa Ngozi, mtaa wa tano."*

Damari aliendelea kuchekecha unga.

"Umeandika 'akaniokoa'," alisema.

"Ndiyo."

"Mhehe unajua kuremba." Akajifuta uso kwa kona ya khanga. "Funga, ipelekwe kabla sijabadili mawazo."

Gaudensi alikunja karatasi saba, akaziingiza kwenye bahasha, akapapasa mifuko. Gundi hakuwa nayo. Ofisi za Paani zilikuwa zimeacha kutumia bahasha zamani, na gundi haikuwepo hata stoo. Alimtazama Damari, Damari akatazama sufuria. Damari akachovya kidole kwenye uji wa jana uliogandia pembeni, wa njano, mzito, akaupaka kwenye ulimi wa bahasha kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaukandamiza kwa ngumi.

"Haya," alisema. "Wakitaka sampuli, walambe."

Walikwenda pamoja hadi kwenye mrija wa upepo uliopeleka mizigo midogo makao ya Baraza, upande wa pili wa Paani. Mrija huo aliufunga Lukali enzi za akili zake. Gaudensi aliibusu bahasha, akaona haya, akaitia kwenye kopo la mrija na kufunga mfuniko. Alivuta mpini. Upepo ukavuma, kopo likagonga ukuta wa mrija mara mbili, likaondoka juu ya vichwa vyao kuelekea kwenye mwanga.

Walisimama wakisikiliza mpaka sauti ikaisha. Kisha Gaudensi alifungua kifungo cha kola, kile alichokishona upya, akafungua na cha pili.

"Asante, ombaomba," alisema.

"Twende," Damari alijibu. "Tupitie kwa Lukali tumchukue. Uji unapoa."